Usikeshe ukijiandaa kwa mtihani

Je, unajisomea nyumbani ili ufanye KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi? Bila shaka unalenga alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo hufungua mlango wa kusomea shahada katika chuo kikuu. Lakini kwa kuwa huna mwalimu wala kengele ya kukuamuru ukalale, huenda ukajipata ukikesha na vitabu, kahawa au miraa ikikutoa usingizi. Huko ni kujihujumu.

Unapolala, ubongo huendelea kufanya kazi. Wakati huo ndipo unapoimarisha yale uliyosoma mchana. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku, na kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10.

Jihadhari na kahawa. Baada ya muda wa saa 5 hivi, karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini. Kikombe unachokunywa saa tatu usiku bado kinaweza kukusumbua saa nane.

Ufanyeje basi? Ukitoka kazini, kula, kisha soma kwa muda wa saa 2. Funga kitabu, ujiulize maswali na uandike majibu bila kuchungulia. Kujipima hivyo hukaza kumbukumbu kuliko kurudia ukurasa ule ule mara nyingi. Baadaye lala, na uamke saa zile zile kila siku.

Usingizi ukikukosesha raha kwa wiki kadhaa, au hamu ya chakula ikipotea, usingoje mtihani uishe. Muone daktari.