Soketi Moja, Mzigo wa Nyumba Nzima

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, chumba huwa na soketi moja tu ukutani. Hapo huchomekwa ekstensheni, na juu ya ekstensheni hukusanyika friji, pasi, birika la umeme, televisheni na chaja za simu za jamaa wote. Kwa kuwa kila chombo hufanya kazi yake vyema, hudhaniwa kwamba nyumba i salama. Wasomaji wetu, dhana hiyo imeunguza nyumba za watu, na twaona ni wajibu kuibainisha.

Vyombo vya umeme huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mfululizo: umeme hupita chombo hiki, kisha kile, mfano wa shanga katika uzi mmoja. Baadhi ya taa ndogo za mapambo ya harusi huungwa hivyo, ndiyo maana balbu moja ikiungua, mstari mzima huweza kuzimika. Njia ya pili ni sambamba: kila chombo huwa na njia yake baina ya waya wa kuleta umeme na waya wa kuurejesha. Hivyo ndivyo zilivyoungwa soketi za majumba yetu, na hata matundu ya ekstensheni.

Fadhila za njia hii ni dhahiri. Kila chombo hupata volti 240 kamili, na mama akizima taa ya jikoni, ya sebuleni huendelea kuwaka.

Lakini fadhila hiyo ndiyo huficha hatari. Volti ni ile ile kwa wote, ila mkondo wa umeme, unaopimwa kwa ampea, hujumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba. Birika la wati 2000 huvuta ampea 8 na ushei; pasi ya wati 1200 huvuta ampea 5; jiko dogo la umeme la wati 1000 huvuta ampea 4 na ushei. Vikiwaka pamoja, waya mmoja wa ekstensheni hubeba ampea 17 na nusu, ilhali plagi zetu zimetengenezwa kubeba 13 tu, na ekstensheni nyingine za bei nafuu hubeba chini ya hapo.

Tena joto la waya haliongezeki kwa kiasi sawa na mkondo. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Wala fyuzi haikatiki papo hapo mzigo unapozidi kidogo. Waya huweza kuendelea kupata moto kwa muda mrefu, pengine chini ya zulia au nyuma ya kochi, pasi na mtu kujua.

Tufanyeje, basi? Tusome wati zilizoandikwa kwenye kila chombo, tuzijumlishe, na jumla ya ekstensheni moja isizidi 3000, au chini ya hapo ikiwa imeandikwa kiwango kidogo zaidi. Birika na pasi visiwashwe pamoja katika soketi moja. Ekstensheni isichomekwe juu ya ekstensheni nyingine, na ile ya kuzungushwa ikunjuliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo mzito, kwani waya uliojikunja hauna pa kutolea joto. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara.

Plagi ikipata moto, ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya plastiki inayoungua, chombo kizimwe na aitwe fundi mwenye leseni. Gharama ya kuongeza soketi ukutani ni nyepesi mno ikilinganishwa na usiku mmoja wa moto, na watoto wamelala.