BIMA YA MATIBABU SI NYANYA ZA SOKONI

Kaeni karibu na redio, mshike kalamu na daftari zenu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: BIMA. Tutangoja kidogo.

Vema. Maana ya bima ni nini? Watu wengi hutoa fedha kidogo kidogo na kuziweka pamoja. Anayepatwa na shida hulipiwa kutoka katika fungu hilo.

Tuseme kijiji kina watu 100. Kila mwaka watu 10 huugua sana, na kumtibu kila mmoja ni shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 1,000,000. Basi kila mtu akitoa shilingi 10,000, wagonjwa wote watatibiwa.

Jambo la namna hii lilifanyika kweli huko Marekani. Mwaka 1929, katika mji wa Dallas, hospitali ya Baylor ilipatana na walimu wa shule. Kila mwalimu alitoa senti 50 kwa mwezi, na akiugua aliweza kulazwa hadi siku 21. Mpango huo ukaenea, ukaitwa Blue Cross. Kwa miaka mingi mahali pengi bei yake ilikuwa moja kwa wote, wazee kwa vijana.

Baadaye makampuni ya biashara yakaingia. Ili tuone yaliyotokea, turudi kijijini kwetu. Anakuja mfanyabiashara, asema: “Enyi vijana wenye nguvu, kwa nini mnalipa 10,000? Njoni kwangu mlipe 5,000.” Vijana 50 wanamfuata. Wanatoa jumla ya shilingi 250,000. Kwa kuwa ni wazima, wanaougua ni wawili tu, na matibabu yao ni 200,000. Mfanyabiashara anabaki na faida ya 50,000.

Na wale 50 waliobaki je? Kati yao wagonjwa ni 8. Matibabu yao ni shilingi 800,000, basi sasa kila mmoja atoe 16,000. Walio wazima kidogo wanaona ni ghali, nao wanatoka. Malipo yanapanda tena. Mwishoni wanabaki wazee na wagonjwa, na hawawezi kulipa.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani. Makampuni yaliwauzia kwa bei nafuu wafanyakazi wazima, na Blue Cross nayo ikalazimika kuacha bei moja kwa wote. Wazee waliostaafu wakaona taabu kubwa kupata bima. Mwaka 1965 serikali ikatunga sheria ya kuwalipia matibabu watu wenye miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya maskini. Hata hivyo, kwa watu wanaojinunulia bima wenyewe, katika majimbo mengi kampuni iliweza kumkataa mwenye kisukari au saratani. Sheria ya mwaka 2010 ilikataza jambo hilo kuanzia mwaka 2014. Hata mwaka 2023, watu milioni 26 hivi nchini humo hawakuwa na bima yoyote.

Wako wanaosema: “Acheni soko huru. Wauzaji wakishindana, bei itashuka.” Kwa nyanya, maneno hayo mara nyingi ni kweli. Lakini fikirini. Mwenye kuuza nyanya humpenda mteja anayetaka nyanya nyingi. Mwenye kuuza bima humwogopa mtu anayehitaji matibabu mengi. Si lazima awe mtu mbaya. Faida yake ndiyo inayomwelekeza hivyo. Tena, mnunuzi wa nyanya huzitazama na kuzichagua. Mgonjwa hajui dawa gani inamfaa. Hutegemea neno la daktari. Mwaka 1963 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alieleza tofauti hizi katika makala iliyosifika sana.

Je, yatosha kumwamuru mfanyabiashara ampokee kila mtu kwa bei moja? Hapana. Kijana atasema: “Nitajiunga siku nitakapougua.” Fungu litakauka. Kwa hiyo mambo mawili yaende pamoja: asikataliwe mtu, na kila mwenye uwezo atoe.

Uingereza tangu tarehe 5 Julai 1948 hulipia matibabu ya wote, hasa kwa kodi. Njia hiyo nayo ina taabu zake, kwani wagonjwa wengi hungoja muda mrefu. Lakini mgonjwa hafukuzwi katika fungu kwa sababu ni mgonjwa. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Katika kijiji chetu, kwa nini malipo ya waliobaki yalipanda kutoka 10,000 hadi 16,000?

2. Jirani akisema, “Mimi ni mzima, sitoi kitu,” utamjibu nini?

3. Asiye na fedha kabisa alipiwe na nani?

Andikeni majibu katika daftari. Kwaherini mpaka somo lijalo.