Mbia wa Tatu katika Ukanda wa Kusini

Mwezi Mei mwaka 2010, wakuu wa dola na wakuu wa makampuni walipokutanika Dar es Salaam katika kikao cha Afrika cha Jukwaa la Uchumi la Dunia, serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilitangaza azimio kubwa: ya kuwa dola, matajiri wa ndani na wa ng'ambo, na wafadhili washike jambo moja kwa pamoja, nalo ni kuustawisha ukanda wote unaoandamana na reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Tunduma, tangu bonde la Rufiji hadi nyanda za Sumbawanga. Ndio mpango wa SAGCOT, na eneo lake ni karibu theluthi ya Tanzania Bara. Waraka wake uliotolewa Januari 2011 uliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 hekta 350,000 zitakuwa zikilimwa kwa faida, ajira 420,000 zitakuwa zimepatikana, na watu zaidi ya milioni 2 watakuwa wametoka katika ufukara. Na gharama ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 3.4, ambazo bilioni 2.1 zingetoka kwa watu binafsi na zilizosalia kwenye hazina za umma.

Hoja iliyouzaa mpango huu ni hoja ya haki, wala haifai kubezwa. Muuza mbolea haendi mahali ambapo wakulima hawana fedha za kuinunua. Mkulima naye hawezi kununua mbolea maadamu mazao yake hayana soko. Mwenye kiwanda, ambaye ndiye angekuwa soko hilo, hajengi pasipo umeme wala barabara. Na serikali husita kupeleka umeme na barabara mahali pasipo kiwanda. Kila mmoja humngoja mwenziwe, na katika kungojana huko miaka hupita. Wakiitwa wote wakakaa penye baraza moja, wakakubaliana nani atangulie na nani afuate, hofu ya kila mmoja hupungua. Kwa sababu hiyo ukanda uligawanywa katika kongani sita, yaani Ihemi, Mbarali, Kilombero, Ludewa, Rufiji na Sumbawanga, ili juhudi zikusanyike mahali badala ya kutawanyika.

Ila mkataba wa ubia wa namna hii aghalabu hutiwa saini na wawili, serikali na mwenye mtaji, ilhali mzigo wake hubebwa na watatu. Na huyo wa tatu, mkulima mdogo mwenye ekari yake moja au mbili, ndiye ninayetaka kumsemea, kwa kuwa naamini kwamba juu yake yeye ndipo mpango mzima utakaposimama au kuanguka.

Na tutazame Kilombero, mahali ambapo ubia ulikuwapo kabla ya jina la SAGCOT kutungwa. Kiwanda cha sukari kilichoasisiwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, kikatwaliwa na dola baada ya Azimio la Arusha, kilibinafsishwa mwaka 1998, hisa nyingi zikaenda kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, na serikali ikabaki na robo. Tangu hapo wale waitwao wakulima wa nje, wenye mashamba yao wenyewe vijijini, wameongezeka kwa maelfu, na miwa yao imekuwa sehemu kubwa ya chakula cha mitambo. Mwaka 2021 upanuzi wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 571 ulikubaliwa, ili uzalishaji upande kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Na ongezeko hilo haliwezi kupatikana bila ya wakulima hao.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Muwa ukishachomwa na kukatwa haungoji mtu: kila siku inayopita sukari iliyomo hupungua, na mkulima ambaye zamu yake ya kukatiwa imecheleweshwa, au gari lake limekwama njiani, hupata hasara asiyokuwa na kosa nayo. Mvua za masika zikishuka kabla ya kufikiwa, miwa yake hubaki shambani hadi msimu mwingine, na ada ya shule ya wanawe hubaki nayo. Fauka ya hayo, malipo yake hufuata uzito wa miwa na kiwango cha sukari kilichopimwa ndani yake, na mizani pamoja na maabara vyote viko ndani ya lango la mnunuzi. Sisemi kwamba mnunuzi ni mdanganyifu. Nasema kwamba mtu mwadilifu hasa ndiye angepaswa kutamani kipimo chake kishuhudiwe na mwingine. Na serikali, ambayo ingefaa kuwa shahidi huyo, ina hisa katika kiwanda na wakati huohuo ni mwamuzi wa sekta, vyeo viwili ambavyo ni vigumu kuvaliwa na mtu mmoja.

Wakulima wa viazi wa Njombe wanalijua jambo hili kwa namna nyingine. Huko mchuuzi huja na gunia lililoshonewa kilemba juu, ile lumbesa iliyopigwa marufuku na sheria ya vipimo na ambayo hata hivyo haijakoma, akalipa bei ya gunia moja kwa kitu kilichozidi gunia. Barabara njema na mbegu bora zinaweza kufika Njombe yote, na kama lumbesa ingali ikipakiwa, faida itapanda lori pamoja nayo.

Lakini miwa na viazi ni mambo ya msimu, ambayo mwakani huweza kurekebishwa. Ardhi si hivyo. Huko Mngeta, katika bonde hilohilo la Kilombero, lipo shamba la mpunga la zaidi ya hekta 5,000 lililowahi kuendelezwa kwa msaada wa Korea ya Kaskazini, likaachwa, watu wakaingia wakalima na kuzaa. Kisha mwaka 2008 likatolewa kwa ubia kati ya RUBADA, mamlaka ya umma ya bonde la Rufiji, na kampuni ya kigeni. Likawa mfano ulioonyeshwa kwa wageni. Kampuni ilileta mitambo, na, jambo ninalolitaja kwa shukrani, ikawafundisha maelfu ya wakulima wa jirani kilimo shadidi: kupandikiza miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi na mistari, na kuiacha ardhi ilowe na kukauka kwa zamu badala ya kuigharikisha. Wakati huohuo palikuwa na malalamiko ya waliohamishwa kuhusu fidia, na ushindani wa mchele wa kutoka nje uliiumiza bei. Ilipofika mwaka 2019 kampuni ilikuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Maarifa yamebaki mikononi mwa wakulima, na hakuna mdai awezaye kuyakamata. Shamba lenyewe likawa mas'ala ya wadai.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na mkutano mkuu wa wanakijiji una sauti. Lakini ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa mwekezaji wa kigeni, sharti kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla. Na mradi ukifa, hairudi kijijini kwa nguvu ya sheria yenyewe. Mzee aliyenyoosha mkono mkutanoni akiridhia, kwa rajua ya zahanati na kazi kwa vijana, huenda hakuambiwa kwamba anaridhia kwa niaba ya wajukuu wake pia, hata kama mgeni ataondoka baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa mikataba ya kongani zilizobaki watie ndani yake masharti matatu, tena kwa Kiswahili kitakachosomwa mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya saini yoyote: kwamba chama cha wakulima kiwe na mpimaji wake penye mizani na maabara, anayelipwa na chama na si na kiwanda, kwamba miwa au mazao yaliyoharibika kwa kucheleweshwa na mnunuzi yalipwe na mnunuzi, na kwamba kijiji kipangishe ardhi yake kwa muda maalumu kila inapowezekana, na pale isipowezekana, serikali ifungwe kwa maandishi kuirudisha siku ambayo mradi umekufa, kabla mdai yeyote hajatia mguu shambani.