Mshahara wa Askari na Njia Unayopita

Wanaotaka kupima nguvu za jeshi aghalabu huanza kuhesabu mizinga na ndege zake, ilhali sisi tuishio Bunia, ambako tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa mzima wa Ituri umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, tunaona afadhali kuuliza mshahara wa askari hutoka wapi, hupita mikononi mwa nani, na humfikia ukiwa umebaki kiasi gani.

Si swali geni katika Afrika yetu. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi kambini Colito wakidai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika, na katika siku chache fitina hiyo ikawaka Uganda na Kenya pia. Huku kwetu Kongo lilitukia la ajabu zaidi. Mwanzoni mwa 1993 serikali ya Mobutu iliwalipa askari kwa noti mpya za zaire milioni tano, na waziri mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akigombana naye, akawaambia wafanyabiashara wasizipokee. Hata askari aliyepewa haki yake yote mkononi akajikuta hana cha kununulia unga, na Kinshasa ikaporwa. Mtoto wa waziri mkuu yule ndiye leo Rais na Amiri Jeshi Mkuu, na Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi, aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe maradufu.

Nyongeza ni neema. Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa katika kiasi peke yake. Umoja wa Ulaya ulipoleta ujumbe wake wa washauri wa kijeshi, EUSEC, mwaka 2005, askari wa kawaida alikuwa akipata takriban dola 10 kwa mwezi, na hizo nazo zilisafiri taslimu kutoka Kinshasa hadi kwa kamanda, ambaye ndiye aliyeandika majina, ndiye aliyepokea fedha, na ndiye aliyezigawa. Kumfanya mtu mmoja awe karani, mweka hazina na shahidi ni mtihani ambao hata walii asingeufaulu kwa urahisi. Maadamu kila jina daftarini lilikuwa na mshahara wake, kamanda hakuwa na haraka ya kumfuta aliyekufa wala aliyetoroka. Na jeshi ambalo pande zilizopigana kabla ya amani ya 2002 zilidai kuwa lina watu zaidi ya 300,000, lilipohesabiwa kwa alama za vidole, halikufika hata nusu ya idadi hiyo. Dawa waliyoileta washauri wale ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: anayetoa amri asishike fedha, na anayeshika fedha asitoe amri.

Kuanzia 2011 serikali ikaanza kulipa watumishi wake kwa njia ya benki. Faida yake huonekana hapa mjini kila ujumbe unapoingia kwenye simu kuwa mshahara umefika: askari wa kambi ya Ndoromo au ya Rwampara huenda kupanga foleni, kisha mkewe akaenda kulipa deni la unga, mafuta na makaa aliyochukua dukani mwezi mzima. Lakini aliye Boga, au juu ya vilima vya Djugu, hana benki karibu, na ruhusa ya kushuka mjini humpasa aiombe kwa kamanda yule yule. Basi aliyetolewa mlangoni hurudi dirishani. Fauka ya hayo, masurufu ya chakula na fedha za vita hazipiti katika akaunti ya askari. Hizo hushuka ngazi kwa ngazi, na sehemu yake hupanda tena kimyakimya kwa wakubwa, mchezo ambao wenyewe huuita « opération retour ». Rais alipozuru Bunia Juni 2021 alisema waziwazi kuwa jeshini mna mafia, na kwa rai yangu mafia hiyo hukaa zaidi katika masurufu kuliko katika mishahara.

Kwingineko duniani majemadari hulalamika kuwa vijana hawataki kujiandikisha, na walioandikwa huondoka upesi. Huku mambo yamepinduka. Rais alipowaita vijana Novemba 2022, walijitokeza kwa maelfu. Ugumu uko kwa wazee, ambao hawaondoki, kwani anayestaafu bila kiinua mgongo cha kutegemewa hupoteza mshahara, matibabu na chumba cha kambini kwa siku moja. Hivyo jina lake hubaki daftarini miaka mingi baada ya mwili kuchoka, na nafasi ya kijana ikabaki imezibwa. Juu yake wamejaa wenye vyeo, kwa sababu katika kuchanganya majeshi baada ya amani ya 2002, viongozi wengi wa waasi waliingia na nyota walizojivika porini, na wenzao waliobaki nyuma wakaelewa kuwa bunduki ni njia fupi ya kupanda cheo.

Na kwa kijana wa Ituri kuna ushindani mwingine usiotajwa katika bajeti yoyote. Mongbwalu haiko mbali, dhahabu hununuliwa siku hiyo hiyo kwa fedha taslimu, na wenye silaha wanaotoza ushuru mashimoni hawamwombi mtu cheti cha shule wala hawamwambii asubiri mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mshahara uliozidishwa mara mbili, kwa askari anayelinda shimo la dhahabu huku posho yake ya chakula imeishia njiani, bado unashindana na jirani aliye karibu sana.