Kibawa Kidogo cha Mkiani

Huko Marekani wako watu wajiundiao ndege ndogo nyumbani kwao. Mkono wa rubani usichoke kwa kushika fimbo ya kuongozea, hufunga kibawa kidogo ukingoni mwa ubawa wa mkia upandao na kushuka, nacho hugeuzwa kwa mota ya umeme.

Tuangalie sana neno hili: kibawa kikishuka, upepo husukuma ubawa ule juu, na pua ya ndege hupanda. Basi fundi akibadilisha nyaya, rubani atakaye kupanda atashuka. Kwa hiyo, kabla ya kuruka, mmoja hubonyeza swichi, na mwenziwe husimama mkiani akitazama. Tena huweka swichi ya kukata umeme, mota isipotaka kusimama. Kosa hilo chini hutengenezwa upesi; hewani laweza kuua.