Bastola ya shabaha ni kama straika, angalia mabao usiangalie jina

TANGA. Mashabiki wa soka nchini wamelitamka neno Shooting miaka na miaka bila kuona shabaha yoyote zaidi ya nyavu. Kulikuwa na Ruvu Shooting ya Mlandizi, na huku Tanga ilikuwepo Mgambo Shooting ya Kabuku, Handeni, ambayo wengi waliizoea kama JKT Mgambo. Msimu wa 2015/16 ikashuka daraja sambamba na Coastal Union na African Sports. Timu tatu za mkoa mmoja, msimu mmoja! Vijiwe vya kahawa vya Ngamiani havipendi kukumbushwa.

Jina hilo halikuokotwa njiani. Timu zote mbili zilitoka kwenye kambi za JKT, na kule kijana anafundishwa kulenga. Hata kwenye michezo ya majeshi chini ya BAMMATA, shabaha ni mchezo kamili kama soka na netiboli.

Aliyeupeleka mchezo huu kitaa ni Mturuki Yusuf Dikeç. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mzee wa miaka 51, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, akachukua medali ya fedha ya bastola ya upepo mita 10 kwa timu mchanganyiko, akishirikiana na Şevval İlayda Tarhan. Siku chache baadaye Armand Duplantis akavunja rekodi ya dunia ya kuruka kwa upondo, akashangilia kwa pozi lile lile. Picha ikazunguka kwenye simu za watu wa mpira kuliko mabao mengine ya wiki ile.

Sasa mtu akitoka kwenye picha na kutaka kulenga kweli, swali ni moja: bastola gani haitamtia hasara?

Kabla ya duka kuna polisi. Silaha hapa nchini inasimamiwa na Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na hakuna kununua kwanza halafu kuomba kibali baadaye. Mwombaji anachunguzwa, anaeleza anaitaka ya nini na ataitunza wapi. Anayedhani ya upepo ni mchezo wa watoto aende akaulize kituoni kabla ya kutoa hata shilingi. Swali la pili ni renji. Shamba la mkonge si renji, na ufukwe wa Pangani ndiyo kabisa. Kama huna uwanja halali wa kupigia, bastola yako itakuwa mchezaji uliyemsajili wakati huna hata timu.

Hapo ndipo pesa inapoanza kuongea, na wengi wanakosea hapa. Wanapigia hesabu bei ya bastola, wanasahau risasi. Mlengaji anayefanya mazoezi anamaliza risasi mamia, na baada ya muda zinakula mkwanja mwingi kuliko bastola yenyewe. Ndiyo maana anayeanza anashauriwa bastola ya kujipakia yenyewe ya .22. Risasi yake ni ndogo, bei yake iko chini ya ile ya milimita 9, na haimrushi mtu mkono. Milimita 9 ina sifa mtaani, lakini inamfundisha mgeni tabia mbaya: anafumba macho na kukaza mkono kabla hata hajafyatua. Ni kama beki anayegeuza mgongo shuti linapopigwa. Kumtoa tabia hiyo ni kazi.

Na .22 si ya watoto. Kwenye Olimpiki, bastola ya kasi ya mita 25 inapigwa kwa .22. Mlengaji ana shabaha tano mbele yake, risasi tano, kwanza kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Sekunde nne! Bastola inayokwama-kwama hapo ni balaa.

Kwa majina, walioko juu wanatumia Pardini ya Italia au Walther ya Ujerumani, na hizo zinapita dola 2,000 bila aibu. Huo ni usajili wa klabu za Ulaya. Za daraja la kati ni kama Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory, ambazo Marekani zinauzwa kwa mamia machache ya dola. Kufika huku kuna usafiri na ushuru, kwa hiyo muuzaji mwenye leseni ndiye mwenye bei ya mwisho. Kati ya hizo, Ruger Mark IV ina faida moja kubwa: unabonyeza kitufe kimoja inafunguka kusafishwa. Mark za zamani zilikuwa zinawatoa watu jasho kuzirudishia.

Usafi huo si jambo dogo Tanga. Anayeishi Raskazone au Chumbageni anajua upepo wa bahari unavyolifanya bati. Chumvi haichagui. Kwa pwani, chuma kisichoshika kutu kinalipa nyongeza yake, na bastola haitakiwi kulala ndani ya mkoba wa ngozi unaonyonya unyevu. Ifutwe, ipakwe mafuta, ifungiwe.

Mtumba nao upo, lakini uwe na karatasi zake. Usihukumu kwa kung'aa. Ipigwe kwanza renjini, angalau risasi mia mbili, za kampuni mbili au tatu tofauti, kwa sababu .22 ina udeko wake: hii inapenda risasi hizi, nyingine inazitema. Hesabu ilikwama mara ngapi. Halafu tazama karatasi ya shabaha. Matundu yakikusanyika sehemu moja, hata kama ni pembeni, bastola ni nzima na alama za kulengea zinarekebishika. Yakitawanyika wakati anapiga mtu mzoefu, iache hapo hapo.

Ibaki pesa ya vizuia sauti vya masikio, miwani, sanduku la chuma la kufungia na mwalimu. Kumi ya bastola ya upepo mita 10 ina upana wa milimita 11.5, kifungo cha shati tu, na Dikeç alikuwa kwenye Olimpiki yake ya tano ndipo akapata medali.