Siri ya Silaha Si Siri ya Bei

Ndugu msomaji uvaaye sare, sisi tulio katika ulinzi tumefunzwa kutunza siri. Idadi ya risasi ghalani, saa ya doria na njia ya msafara havitangazwi, kwa kuwa adui akivijua watu watakufa. Bei ya barabara ni jambo la namna nyingine. Mwananchi akiijua hakuna afaye. Aingiwaye na hofu ni mwizi peke yake.

Hapa Mchesi, jijini Lilongwe, mchuuzi atokaye kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na askari aendaye kazini hupanda basi dogo moja. Ndani ya bei ya kila lita ya mafuta mna tozo ya barabara, nayo huwarudia wote wawili katika nauli. Walipao hawana budi kujua walipiacho.

Tuitazame Kenya. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, iligharimu shilingi za nchi hiyo zipatazo bilioni 327, zilizokopwa kwa sehemu kubwa kutoka Benki ya Exim ya China. Tangu mwaka 2013 bidhaa ziingiazo nchini zilitozwa asilimia 1.5 kwa ajili ya reli. Hata hivyo, mikataba ya mkopo ya mwaka 2014 ilikuwa na sharti la usiri, na serikali iliitoa hadharani mwezi Novemba 2022 tu. Kwa muda wote huo wananchi walilipia deni ambalo masharti yake hawakuyasoma.

Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu, tangu mwaka 2008, mpango wa kimataifa wa uwazi katika ujenzi, uitwao CoST. Utaratibu wake ni mwepisi: hutangazwa jina la mkandarasi, bei ya mkataba, tarehe za kuanza na kumaliza, na kila badiliko pamoja na sababu yake. Kisha wataalamu wasiofungamana na upande wowote hulinganisha karatasi na kazi yenyewe. Aidha, Sheria ya Kupata Habari ilianza kutumika mwaka 2020.

Si kila nyongeza ya bei ni wizi. Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kilibomoa barabara na madaraja kusini ya nchi. Novemba mwaka huo thamani ya kwacha ilipunguzwa, na bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Lami iagizwayo nje haikuweza kubaki na bei ya jana. Sababu kama hizo zikitangazwa, mkandarasi mwaminifu hulindwa; zikifichwa, hufananishwa na mwizi.

Jambo hili latuhusu. Polisi ndiye alindaye saruji na dizeli kwenye kambi ya ujenzi, naye hawezi kulinda vema mali asiyoijua hesabu yake. Barabara ikikwama, wakazi wakakusanyika kwa hasira, ndiye apelekwaye kusimama mbele yao. Kibao chenye bei na tarehe hujibu maswali ambayo rungu haliwezi kuyajibu.

Tukitunze kiapo chetu kwa mambo ya ulinzi. Hesabu za lami na kokoto na zisomwe na wote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.